Goti la Mwanaspoti: Namna Linavyoumia na Namna ya Kulikinga

Utangulizi

Katika lugha ya Kiswahili, goti ni kiungo cha heshima na unyenyekevu. Mwenye haja hupiga magoti, mcha Mungu hupiga magoti, na mposaji wa siku hizi naye, kwa kuiga sinema, hupiga goti moja. Pamoja na hayo, ni nadra goti kuzungumziwa kama kiungo cha mwili kinachobeba uzito, kinachochoka na kinachoumia. Aghalabu hukumbukwa siku linapovimba. Makala haya yanakusudia kulieleza goti kwa mtazamo huo wa pili: jinsi lilivyoundwa, jinsi linavyoumia miongoni mwa watu wanaoushughulisha mwili, na hatua ambazo utafiti umeonyesha kuwa hupunguza hatari hiyo.

Suala lenyewe si dogo. Mwanafunzi aliyekatika kano ya ndani ya goti hupoteza msimu mzima wa michezo na mara nyingi sehemu ya muhula pia. Upasuaji wa kuiunda kano hiyo upya ni ghali, na jamaa nyingi haziumudu. Fauka ya hayo, takriban nusu ya wanaoumia hivyo huonekana na uchakavu wa gegedu la goti miaka 10 hadi 20 baadaye, wawe wamefanyiwa upasuaji au la. Maana yake ni kwamba kijana wa miaka 20 huweza kuwa na goti la kizee kabla hajatimiza miaka 40. Hujafa hujaumbika, walinena wahenga. Lakini yako maumbile mengine ambayo mtu angeweza kuyaepuka kwa dakika 20 za mazoezi, mara mbili au tatu kwa wiki.

Goti na majina ya sehemu zake

Goti hufananishwa na bawaba ya mlango kwa sababu kazi yake kuu ni kukunja na kunyoosha mguu. Mfano huo unafaa kwa kiasi tu. Bawaba haizunguki, goti huzunguka kidogo linapokunjwa, na ni katika mzunguko huo ambapo balaa nyingi huanzia. Fupa la paja, lenye ncha mbili za mviringo, hukutana na fupa la muundi, ambalo upande wake wa juu ni karibu bapa. Ni kama mayai mawili yaliyowekwa juu ya sinia. Mbele yake hukaa kilegesambwa, kifupa ambacho wengi hukiita pia ya goti, jina linalomkumbusha msomaji pia ya watoto. Kilegesambwa hakikuwekwa hapo kwa ajili ya kukinga tu. Huisaidia misuli ya mbele ya paja kuunyoosha mguu kwa nguvu zaidi, kama wenzo unavyomsaidia mtu kuinua jiwe.

Kwa kuwa mifupa yenyewe haishikamani kwa umbo, uthabiti wa goti hutegemea vitu vingine. Kwanza kuna kano nne. Mbili hukaa pembeni, moja upande wa ndani na nyingine upande wa nje, nazo huzuia goti lisiyumbe kushoto na kulia. Mbili nyingine zimo ndani ya kiungo na hupishana kama herufi X. Katika makala haya zitaitwa kano pishani ya mbele na kano pishani ya nyuma. Ile ya mbele huzuia fupa la muundi lisiteleze kwenda mbele na lisizunguke kupita kiasi. Ndiyo inayotajwa sana katika habari za michezo, na ndiyo inayokatika kwa urahisi wa kusikitisha. Pili kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la hilali, ambavyo matabibu huviita meniskasi. Vipande hivi hutandaza uzito ili usielemee sehemu moja. Damu huvifikia kwenye ukingo wa nje tu, na kwa hiyo mpasuko ulio karibu na katikati hauponi kwa urahisi. Tatu, na hii ndiyo sehemu ambayo mwanaspoti ana mamlaka nayo, kuna misuli: ya mbele ya paja, ya nyuma ya paja, ya nyonga na makalio, pamoja na ile ya shavu la mguu.

Hapa yafaa kusita kidogo kuhusu istilahi, maana ukosefu wa mpaka baina ya maneno huwa na gharama yake. Neno kano hutumiwa kwa kinachounganisha mfupa na mfupa na vilevile kwa kinachounganisha msuli na mfupa, ingawa vitu hivi viwili huumia kwa njia tofauti na hutibiwa tofauti. Ili kuepuka utata, wa kwanza unaweza kuitwa kano ya mifupa na wa pili kano ya msuli. Lenye utata mkubwa zaidi ni neno mshipa. Kuna mshipa wa damu, kuna mshipa wa fahamu, na katika mazungumzo ya mitaani hata ngiri huitwa mshipa. Mchezaji anapomwambia muuguzi kwamba "mshipa wa goti umeshtuka", muuguzi amepata maneno manne na habari chache mno. Kuteguka, kutenguka, kushtuka na kuchanika nayo hutumiwa kwa kupishana, ilhali kwa tabibu tofauti ya kano iliyovutika na kano iliyokatika ni tofauti ya wiki tatu na mwaka mmoja. Wanafunzi wa Kiswahili wanaotafuta mada za utafiti wa istilahi wana shamba pana hapa. Mganga wa viungo wa kijijini, kocha wa shule ya upili na daktari wa mifupa wote hulizungumzia goti lile lile kwa Kiswahili, lakini hawazungumzi Kiswahili kimoja.

Goti linavyoumia

Majeraha ya goti yanaweza kugawika katika makundi mawili: yale ya ghafla na yale yanayojijenga kidogo kidogo.

Wengi hudhani kwamba jeraha la ghafla husababishwa na mpinzani aliyecheza rafu. Kwa hakika, takriban asilimia 70 ya visa vya kukatika kwa kano pishani ya mbele hutokea bila mchezaji kugongwa na mtu gotini. Mchezaji huwa anatua kutoka hewani, anafunga breki ghafla au anageuka ili kumhepa mwenzake. Mguu wake huwa umenyooka karibu kabisa, uzito wote uko juu ya mguu mmoja, wayo umeganda ardhini, na goti huingia ndani kuelekea goti la pili, kinyume cha matege. Kano hukatika katika sehemu ndogo mno ya sekunde, hata kabla misuli haijapata muda wa kujibu. Wengi husimulia kwamba walisikia mlio, kama kijiti kinachovunjika, na kwamba goti lilifura saa chache baadaye.

Maelezo haya yanaeleza kwa nini michezo fulani huwa hatari kuliko mingine. Mpira wa pete ni mfano mzuri, hasa kwa kuwa ndio mchezo ambao wasichana wengi wa shule za Kenya huanza nao. Kanuni zake humkataza mchezaji aliyedaka mpira kuuinua mguu aliotua nao kwanza na kuukanyagisha tena kabla ya kuuachilia mpira, na hupewa sekunde 3 tu za kuuachilia. Kwa maneno mengine, mchezo wenyewe humwamuru mtu anayekimbia kwa kasi asimame papo hapo. Mwenye kuitazama kanuni hiyo kwa macho ya tabibu ataona kwamba inamtaka mchezaji afanye kitendo kile kile ambacho huikata kano, tena mara nyingi katika kila mchezo. Anayetua kwa magoti yaliyokunjwa, akitumia miguu yote miwili inapowezekana, huigawanya nguvu hiyo baina ya nyonga, goti na kifundo cha mguu. Anayetua kama mti huiachia kano peke yake.

Wanawake huumia kano hii mara 2 hadi 3, au zaidi, kuliko wanaume wanaocheza mchezo ule ule, hususan katika kandanda na mpira wa vikapu. Sababu zilizotajwa ni nyingi: upana wa nyonga, wembamba wa nafasi ambamo kano hukaa ndani ya fupa la paja, athari za homoni, na namna misuli ya nyuma ya paja inavyochelewa kuja kuisaidia kano. Mjadala huo haujaisha. Jambo moja, hata hivyo, halipaswi kusahaulika na wanaopenda kueleza kila kitu kwa maumbile. Wasichana wengi hukua wakiwa na nafasi chache za kucheza, uwanja hupewa wavulana kwanza, na chumba cha vyuma vya mazoezi huonekana kuwa mahali pa wanaume. Upana wa nyonga haubadilishwi na kocha. Ratiba ya uwanja hubadilishwa.

Uwanja na kiatu navyo vina sehemu yao. Kadiri wayo unavyonata ardhini ndivyo mzunguko wa mwili unavyoishia gotini. Watafiti wa Norway walibaini, katika mpira wa mikono, kwamba wanawake waliochezea sakafu zenye kunata sana waliumia zaidi kuliko waliochezea sakafu za mbao. Kiatu chenye njumu ndefu, ambacho hufaa kwenye nyasi zilizolowa, si rafiki wa goti kwenye uwanja mkavu wa Januari. Mashimo ya uwanjani hayahitaji utafiti. Yanahitaji sepetu na udongo.

Mazoezi ya kinga

Kwa muda mrefu, maandalizi ya mchezo yalikuwa kukimbia kuuzunguka uwanja mara mbili, kisha kusimama kwa duara na kujinyoosha huku nahodha akihesabu kwa sauti. Kujinyoosha kwa kusimama tuli si kubaya, ila hakujathibitika kuzuia majeraha ya goti. Kinachozuia ni kuufundisha mwili namna ya kutua, kugeuka na kusimama, pamoja na kuiimarisha misuli inayoliongoza goti.

Ushahidi wa jambo hili ni wa kuridhisha kuliko mambo mengi yanayohubiriwa viwanjani. Mwaka 2005, jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Norway uliohusisha vijana 1,837 wa mpira wa mikono wenye umri wa miaka 15 hadi 17. Vilabu vilivyopewa mazoezi maalumu ya kupasha mwili vilipata takriban nusu ya majeraha ya ghafla ya goti na kifundo cha mguu yaliyopatikana katika vilabu vingine. Mwaka 2006, Shirikisho la Kandanda Duniani, FIFA, kupitia kituo chake cha utafiti wa tiba na kwa ushirikiano na wataalamu wa Oslo na wa Santa Monica, liliunda mpango wa mazoezi unaojulikana kama 11+. Mpango huo ulijaribiwa miongoni mwa wasichana 1,892 wa Norway wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yakatolewa mwaka 2008: majeraha kwa jumla yalipungua kwa karibu theluthi moja, na yale makali yakapungua kwa karibu nusu. Huko Sweden, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwahusisha wasichana 4,564 wa kandanda. Waliofanya mazoezi ya dakika 15 mara mbili kwa wiki walikuwa 2,479, na miongoni mwao 7 tu walikatika kano pishani ya mbele. Katika kundi la pili, lililokuwa dogo zaidi, walikuwa 14.

Huenda msomaji akadai kwamba hayo ni mambo ya Ulaya, penye nyasi za kupaliliwa na madaktari wa timu. Hoja hiyo ilikwisha kujibiwa Afrika. Mnamo mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Lagos, Nigeria, miongoni mwa wavulana 416 wa timu 20 wenye umri wa miaka 14 hadi 19. Timu zilizofuata mpango wa 11+ zilipunguza majeraha kwa asilimia 41, na yale ya miguuni kwa asilimia 48. Viwanja vya Lagos havina tofauti kubwa na vile ambavyo wanafunzi wa Afrika Mashariki huvifahamu.

Mpango wenyewe una mazoezi 15 yaliyogawika katika sehemu tatu, nao huchukua takriban dakika 20. Sehemu ya kwanza, ya dakika 8, ni kukimbia polepole kukichanganywa na kufungua nyonga kwa kuzungusha goti nje na ndani, kumzunguka mwenzako, kugongana mabega hewani na kwenda mbele na nyuma kwa haraka. Sehemu ya pili huchukua dakika 10 na ndiyo kiini. Mchezaji hujilaza kifudifudi na kujiinua kwa viwiko na ncha za vidole vya miguu, mwili ukiwa umenyooka kama ubao; kisha hufanya hivyo kwa ubavu. Halafu hupiga magoti, mwenzake akamshika vifundo vya miguu, naye akainamia mbele polepole, mgongo na mapaja yakiwa yamenyooka, hadi misuli ya nyuma ya paja ishindwe kumzuia na akajipokea kwa mikono. Zoezi hili huwatia watu kicheko siku ya kwanza na maumivu siku ya pili. Kwa hiyo wanaoanza wafanye mara 3 hadi 5 tu. Baada ya hapo huja kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa na kuruka. Sehemu ya tatu ni dakika 2 za kukimbia kwa kasi, kuchupa kwa hatua ndefu, na kukata kona.

Katika mazoezi ya kuchuchumaa na kuruka, jambo moja lina uzito kuliko mengine yote: goti lielekee kule vidole vya mguu vinakoelekea. Lisiingie ndani. Kocha akisimama mbele ya mchezaji, aweze kuona nyonga, goti na wayo vikiwa katika mstari mmoja. Kosa hili halionekani na mwenye kulifanya, na ndiyo maana wachezaji hupangwa wawili wawili wakitazamana. Inafaa pia kutua bila kishindo. Sikio ni kipimo kizuri. Anayetua kwa sauti kubwa hajakunja magoti wala nyonga.

Yafaa kufahamu kwa nini nyonga inatajwa mara kwa mara katika makala yanayohusu goti. Goti halina uamuzi mwingi. Huwekwa mahali pake na nyonga kutoka juu na wayo kutoka chini, mithili ya mtoto wa katikati katika familia. Misuli ya makalio ikiwa dhaifu, paja huzunguka kwenda ndani kila mguu unapokanyaga, nalo goti hulifuata. Ndiyo maana mtu mwenye maumivu ya kilegesambwa huweza kupata nafuu kwa kuimarisha nyonga na paja kwa pamoja kuliko kwa kulifunga goti bandeji kila jioni.

Kikwazo kikubwa cha mpango huu si fedha wala vifaa, bali uvivu na haraka. Utafiti wa Norway ulionyesha kwamba timu zilizofanya mazoezi mara nyingi zaidi ndizo zilizofaidika zaidi. Timu inayoanza kwa ari mwezi wa kwanza na kuacha kufikia wa tatu imejichosha bure. Aidha mazoezi haya hayapasi kuachiwa siku ya mashindano. Siku hiyo hufanywa sehemu ya kwanza na ya tatu pekee, ili misuli isichoke kabla ya mchezo.

Wakimbiaji na maumivu ya polepole

Kwa mkimbiaji, adui si mpasuko wa ghafla, bali maumivu yanayoanzia nyuma au kando ya kilegesambwa, yakazidi anaposhuka ngazi au anapokaa muda mrefu katika ukumbi wa mihadhara. Wazee huyahusisha na baridi, na lugha yenyewe inawaunga mkono: ugonjwa wa viungo huitwa baridi yabisi. Baridi huweza kumfanya mtu auhisi uchungu zaidi, lakini si baridi inayolila gegedu.

Wala si kukimbia. Imani kwamba kukimbia humaliza magoti imeenea mno, na imewapa wengi kisingizio cha kukaa kitako. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba uchakavu wa gegedu la goti na nyonga ulikuwa asilimia 3.5 kwa wanaokimbia kwa kujiburudisha, asilimia 10.2 kwa wasiokimbia kabisa, na asilimia 13.3 kwa wakimbiaji wa mashindano. Gegedu halina mishipa ya damu yake. Hulishwa na majimaji ya kiungo, ambayo huingia na kutoka kadiri linavyobanwa na kuachiliwa. Kiasi ndicho cha kutazamwa.

Na kiasi hicho ni kigumu kukipima. Kuna kanuni maarufu isemayo kwamba mkimbiaji asiongeze umbali kwa zaidi ya asilimia 10 kwa wiki. Ni kanuni nzuri kwa masikio, ila ilipojaribiwa miongoni mwa wanagenzi 532 huko Groningen, Uholanzi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, waliopandishwa taratibu kwa kiwango hicho waliumia sawa na wenzao: takriban mmoja kati ya watano katika kila kundi. Hii haimaanishi kwamba mtu aongeze apendavyo. Inamaanisha kwamba nambari moja haiwezi kuwafaa watu wote. Dalili iliyo bora ni goti lenyewe asubuhi ya pili: likiwa gumu au lenye uchungu kuliko jana, mzigo wa jana ulizidi.

Yapo mambo mengine mawili yenye manufaa. Mkimbiaji anayeongeza idadi ya hatua kwa dakika kwa asilimia 5 hadi 10, bila kuongeza kasi, hupunguza mzigo unaoliangukia goti, kwa sababu hatua huwa fupi na wayo hukanyaga karibu na mwili. Pili ni uzito wa mwili. Utafiti wa mwaka 2005 kuhusu watu wazima wenye uzito uliozidi na uchakavu wa goti ulikadiria kwamba kila kilo moja inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Kwa anayepiga hatua elfu kadhaa kwa siku, hesabu hiyo si haba.

Kuhusu viatu, mjadala ulichacha mwaka 2010 baada ya Daniel Lieberman na wenzake kuandika katika jarida la Nature kuhusu vijana Wakalenjin waliozoea kukimbia pekupeku, ambao wengi wao hukanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo. Watu wengi wa Ulaya na Marekani wakavua viatu mara moja. Mwaka 2013, hata hivyo, ulichapishwa utafiti mwingine wa Kenya, huu ukiwa wa Wadaasanach wa kaskazini, ambao pia hawavai viatu, na ikaonekana kwamba katika mwendo wa kawaida wa masafa marefu wengi wao hukanyaga kwa kisigino. Kukanyaga kwa mbele hupunguza mzigo wa goti lakini huuhamishia kwenye shavu la mguu na kano yake. Mzigo haupotei, hubadilisha mwenyeji. Anayebadilisha viatu au mtindo wa kukimbia na afanye hivyo kwa miezi, si kwa siku.

Hata mwanariadha bora hana kinga kamili. David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 ya dakika 1 na sekunde 40.91 katika Olimpiki za London mwaka 2012, aliumia goti mnamo Mei 2013 alipokuwa akikimbia mbio nyepesi katika bustani ya Central Park, New York. Hakuwa mashindanoni. Jeraha hilo lilimnyima mashindano ya dunia ya Moscow mwaka huo, na akafanyiwa upasuaji. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: alirejea mwaka 2014, akatwaa ubingwa wa dunia jijini Beijing mwaka 2015 na dhahabu ya Olimpiki huko Rio mwaka 2016.

Baada ya kuumia

Linalofanywa katika saa za mwanzo huamua mengi. Goti lililoumia ghafla lipumzishwe, lifungwe bandeji isiyokaza kupita kiasi na liinuliwe juu ya kiwango cha moyo. Barafu hupunguza uchungu. Kukanda, kuchua kwa mafuta moto na kuvuta mguu "ili urudi mahali pake" ni mambo ya kuepukwa katika siku mbili tatu za kwanza, kwani huzidisha uvimbe. Hapa wakandaji wa jadi hawapaswi kubezwa. Wengi wao wana mikono yenye ujuzi na huaminiwa kuliko zahanati. Ila mkono, hata uwe na ujuzi gani, hauwezi kuunganisha kano iliyokatika. Goti lililofura katika saa chache, lisiloweza kubeba uzito, lililokwama bila kunyooka au linalolegea ghafla mtu anapogeuka, lipelekwe kwa daktari. Uvimbe ukipungua baada ya wiki mbili, mchezaji asidhani amepona. Kano pishani iliyokatika huacha kuuma mapema. Kisha mchezaji hurudi uwanjani, goti likalegea tena, na safari hii meniskasi hupasuka pia.

Waliofanyiwa upasuaji wana jaribu lao: haraka ya kurudi. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2016 ulibaini kwamba kila mwezi ambao mchezaji alisubiri, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza kwa takriban nusu kasi ya kuumia tena. Baada ya miezi hiyo, kalenda peke yake haitoshi. Wataalamu wengi hutaka nguvu ya misuli ya mbele ya paja ifikie angalau asilimia 90 ya ile ya mguu mzima, na umbali wa kuruka kwa mguu huo ufikie kiwango hicho hicho. Nguvu hupimwa kwa mashine ambayo hospitali chache zinayo. Kuruka hupimwa kwa utepe, uwanja tambarare na mtu wa kuandika matokeo, na ingawa kipimo hiki peke yake huweza kuficha udhaifu wa paja, aliyeshindwa nacho hana haja ya kutafuta mashine ili aambiwe kwamba wakati bado.